Sebule Inavyopanuka

Jumapili, saa tisa kasoro robo alasiri, mpokezi wa kliniki ya macho alikuwa anavua viti vyake mifuko ya nailoni. Alianza na kochi la watu watatu, akafuata la watu wawili, kisha vile viti viwili vya pembeni. Kila mfuko aliukunja mara nne na kuupeleka chumbani kwake, chini ya kitanda, mahali ambapo mgeni hawezi kufika hata akipotea njia ya choo. Halafu alipanga biskuti kumi na mbili kwenye sahani, akazitazama, akaondoa mbili. Biskuti kumi ni za watu walioshiba siku zote. Kumi na mbili ni za watu waliojiandaa.

Mumewe alikuwa amepiga magoti kwenye kona, futi kamba mkononi na penseli sikioni. Kazi yake ilikuwa kupima viwanja, na kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kupima kitu mara moja akaridhika. Alipima kutoka mlango wa mbele hadi ukuta wa ndani, akarudia, kisha akafunua pazia na kuandika namba ndogo ukutani, chini ya namba nyingine nyingi.

"Sentimita nne," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu wale wa Jumapili iliyopita."

"Mbona walikaa nusu saa tu?"

"Waliisifu sana chai."

Mpokezi akatikisa kichwa, akasogeza meza ndogo ikae katikati ya sebule. Palipokuwa katikati wiki iliyopita hapakuwa tena katikati leo, na meza iliyokaa upande huwafanya wageni waanze kutafuta kasoro nyingine.

Nyumba yenyewe haikuwa imeongezeka hata chembe. Mume alikuwa ameipima kwa nje pande zote nne, akahakikisha kwamba kuta za nje ziko palepale zilipojengwa. Kilichokuwa kikisogea ni ule ukuta wa ndani, wa mbao nyembamba zilizopigwa lipu na kupakwa rangi ya maziwa. Sebule ilikuwa inakua kwa kula chumba cha nyuma, na katika chumba cha nyuma alikuwa anaishi mama yake mpokezi.

Mama huyo, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa dobi maisha yake yote. Alifua na kunyoosha nguo za watu mpaka vidole vikapoteza alama zake. Miaka mitatu nyuma kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na kumwachia ulimi, tena ulimi usiojua nani ni nani. Aliwaambia watu alichokiona. Alimwambia fundi bomba kwamba anaiba mpira wa koki, na kweli alikuwa anauiba. Alimwambia mke wa jirani kwamba mimba ile haimpendezi mumewe, na jirani akahama.

Lakini kisa cha kufichwa kwake hakikuwa ulimi. Kilianza zamani, siku ya usaili wa kazi, daktari mwenye kliniki alipoinua macho na kumuuliza yule msichana mbele yake mama yake anafanya kazi gani. Msichana akausikia mdomo wake ukijibu: mama ni muuguzi mstaafu, yuko ng'ambo kwa kaka yangu. Kaka mwenyewe hakuwepo. Hakuwahi hata kuzaliwa. Ulikuwa uongo mdogo, wa kupitia tu, ila ulipofika haukuondoka. Kila mwisho wa mwaka mpokezi alipeleka kazini sabuni za kunukia alizotumiwa na mama kutoka ng'ambo, zilizotoka duka la pili baada ya kituo cha mafuta. Wenzake walizinusa na kusema kweli, vitu vya nje ni vya nje.

Kwa hiyo Bibi alipoletwa kukaa nao, aliletwa alfajiri. Wageni wakija, mlango wa chumba cha nyuma ulifungwa kwa ufunguo, ufunguo ukaingia mfukoni mwa mpokezi, na redio ikawashwa kwa sauti ya wastani.

Bibi ndiye aliyegundua kwanza.

"Mwanangu," alisema asubuhi moja, "kitanda kimesogea, au mimi nimenenepa?"

"Umenenepa kidogo, mama."

"Basi mnanilisha vizuri," alisema Bibi, akaendelea kupunga kijiko.

Kwa miezi kadhaa hawakujua kinachousukuma ukuta. Waliijua kanuni siku mume alipojisahau. Mgeni mmoja alilisifia kochi, akauliza limenunuliwa wapi, na mume, mtu asiye na hili wala lile, akasema halikununuliwa. Bosi wake alikuwa analitupa wakati anahama, na wao wakaliomba. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Wageni walipoondoka alipima. Ukuta ulikuwa umerudi sentimita tatu. Upande wa pili Bibi aliuliza kwa furaha ni nani aliyemsaidia, maana amepata pa kuweka kiwiko.

Baada ya hapo mambo yakawa wazi. Kila mgeni aliyeondoka akiwa ameamini kitu kisichokuwepo aliiongezea sebule kiasi cha alichokiamini. Kila kweli iliyosemwa mbele ya watu ilirudisha kidogo. Hakuna aliyeona ajabu. Nyumba nyingi zina kasoro zake: nyingine hulia bomba, nyingine huvuja.

"Mama watoto," mume alisema siku ileile. Alimwita hivyo ingawa mtoto ni mmoja, kwa heshima ya wale waliotarajiwa. "Dawa tunayo. Tuseme tu."

"Tuseme nini?"

"Kwamba Mama yupo. Yupo hapa. Alikuwa dobi."

"Binti yetu anachumbiwa."

"Kwani anachumbiwa na ukuta?"

Mkewe hakucheka. Alikuwa anafuta vumbi kwenye glasi za kabatini, zile ambazo hakuna mtu aliyewahi kunywea.

"Akishaolewa," alisema. "Mwache kwanza aolewe. Nitawaambia wote, nitasimama hapa katikati niwaambie."

Na alikuwa anasema kweli. Alimpenda mama yake, jamani. Kila jioni akitoka kazini aliingia chumba cha nyuma kabla hata ya kuvua viatu, akamsuka nywele zile chache, akampaka mafuta miguuni, na huko nyuma alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikaa sakafuni miguu wazi. Alikohoa kwa sauti. Aliwaigiza wagonjwa wa siku hiyo, yule aliyesoma herufi za ukutani kwa kuzikariri ili asivishwe miwani, mpaka Bibi akacheka machozi yakatoka. Kisha alisimama, akajinyoosha gauni, na alipovuka kizingiti sura yake ya kazini ilikuwa imesharudi mahali pake.

Sura hiyo alifundishwa na Bibi mwenyewe. Walipokuwa wanaishi wawili kwenye chumba kimoja, kitanda kilifichwa kwa pazia mchana kutwa, ili mteja akija kuchukua nguo zake adhani nyuma ya pazia kuna chumba kingine, na pengine kingine. Na siku ya zawadi shuleni, mtoto alivalishwa gauni la mtoto wa tajiri mmoja, lililokuwa limeletwa kufuliwa. Alilivaa saa nne tu, likarudishwa limenyooshwa, na mwenyewe hakujua. "Tembea kama ni lako," Bibi alimwambia mlangoni. "Usiliangalie. Mtu haangalii nguo yake mwenyewe." Mtoto alikwenda, akapokea zawadi, akarudi, na tangu siku ile hakuacha kutembea hivyo.

Binti yao alikuwa na miaka ishirini na minne, na mchumba wake alikuwa mwanasheria kijana mwenye adabu na viatu vinavyong'aa. Kijana hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mama yake, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mwanamke aliyesifika kwa kuisoma nyumba ya mtu kuanzia kitako cha kikombe. Ilifahamika kwamba angekuja mara tatu, na kwamba baada ya mara ya tatu atatoa neno lake.

Mara ya kwanza ndiyo hiyo Jumapili ya biskuti kumi. Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kochi la watu watatu, akageuza kikombe, akasoma kitako, akakirudisha. Alizungumza polepole na kumaliza kila sentensi. Aliuliza habari za mama aliye ng'ambo.

"Hajambo kabisa," alisema mpokezi. "Anawasalimu. Ila baridi inamsumbua."

"Baridi ya huko haina huruma," alisema Mwalimu Mkuu.

Walipoondoka mume alipima, akakohoa, akapima tena. Sentimita thelathini na moja.

Kitanda cha Bibi hakikutosha tena. Jumatatu, baada ya kazi, mume alikipasua kwa urefu kwa msumeno, akapunguza futi nzima, akakipigilia upya. Bibi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa na kumwelekeza.

"Kata kushoto, mkwe wangu. Kulia ndiko ninakolalia."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Unakata vizuri. Ungekuwa seremala, mngekuwa na viti vyenu wenyewe."

Mume aliinamisha kichwa na kuendelea kukata. Usiku ule hakula, akasema tumbo.

Katikati ya ziara ya kwanza na ya pili kuliingia wageni wengine wadogo wadogo: wenzake wa kliniki, mwenye duka la vitambaa, wanandoa wa nyumba ya pili. Huyu alileta sentimita mbili, yule sita. Mpokezi hakuweza kuwakatalia. Mtu anayekataa wageni ana kitu anachokificha, watu husema hivyo, na wakishasema huja kuchungulia. Sebule ilianza kupendeza kweli. Sauti zilikuwa na mwangwi. Iliongezwa zulia, kisha meza ya pembeni, kisha ua refu la plastiki ambalo mgeni mmoja aliligusa na kusema linaonekana linatunzwa sana, na hilo peke yake lilikuwa sentimita moja.

Upande wa nyuma, Binti alianza kuingia kwa ubavu. Alibeba sahani juu ya kichwa na kujipenyeza mpaka aliko bibi yake, wakakaa wamegusana magoti.

"Bibi, nitamwambia," alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Yeye si mtu mbaya."

"Umwambie nini, mjukuu wangu?"

"Kwamba upo."

"Na ulimwambia nini mwanzo?"

Binti akasogeza sahani. Siku ya kwanza alipofahamiana na mchumba wake alikuwa amemwonyesha sabuni ya kunukia, akamsimulia theluji ambayo bibi yake huifagia mlangoni kila asubuhi, akasimulia vizuri, na kijana akamwambia hajawahi kukutana na mtu anayesimulia hivyo. Hapo ndipo alipopendwa, kwa kadiri alivyojua yeye mwenyewe.

"Ana hamu ya kukusalimia," alisema mwishowe. "Anataka tukupigie simu, muongee."

"Basi mpe nambari," alisema Bibi. "Nitaongea naye kama niko mbali. Si mbali sana na kweli. Choo chenyewe siku hizi naona ni safari."

Mara ya pili Mwalimu Mkuu alikuja na kaka yake, mtu mnene aliyekula biskuti zote kumi bila kuona maana yake. Mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye ukumbi na idadi ya waalikwa, redio ikawa kati ya wimbo na wimbo, na katika kile kimya kidogo mtu akakohoa nyuma ya ukuta. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kifua, chenye mwanzo na mwisho.

"Nani anakohoa?" aliuliza kaka mtu.

Mume alimtazama mkewe. Binti alimtazama mama yake. Mwalimu Mkuu alitazama ndani ya kikombe.

"Ni mabomba," alisema mpokezi, akitabasamu. "Tumemwita fundi mara mbili."

Ukuta haukusubiri wageni waondoke. Uliondoka palepale, mbele ya macho yao, kwa mlio kama wa kabati zito linaloburutwa, na upande wa pili kitu cha mbao kikavunjika. Kaka mtu alisogeza miguu yake na kusema kwamba nyumba za zamani zina nafasi, si kama hizi za siku hizi. Mpokezi alimmiminia chai. Mkono wake haukutetemeka, na ndicho kitu kilichomtisha mumewe kuliko ukuta wenyewe.

Walipokwenda kuangalia, mlango ulifunguka nafasi ya mkono mmoja tu. Kitanda kilikuwa kuni. Bibi alikuwa amesimama wima, mgongo kwenye ukuta wa nje, karibu na dirisha, uso umegeukia pembeni. Hakuwa ameumia. Alikuwa amekuwa mwembamba, unene wake wote umepungua kwa kadiri ya nafasi iliyobaki, na nguo yake ilikuwa imenyooka bila mkunjo hata mmoja.

"Nilijikaza tu," alisema. "Nilivuta pumzi ndani, nikaona napungua. Si vibaya. Miguu tu ndiyo inachoka."

Mpokezi alipitisha mkono kwenye ule upenyo, akaushika mkono wa mama yake, ule mzima, ukawa mwepesi kama leso. Alilia sana. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kwa namna ambayo hakuna mtu nje ya nyumba ile aliyewahi kuiona. Mama yake alimsubiri amalize.

"Bado mara moja," alisema Bibi. "Si ulisema mara tatu?"

"Nitawaambia, mama. Sisubiri harusi. Akija hiyo mara ya tatu nitamwambia."

"Ukitaka. Ila uvae lile gauni la kijani. Linakuondolea uchovu usoni."

Kuanzia hapo walimlisha kupitia dirishani, kutokea uani: chai, supu, na maji kwa mrija. Mume ndiye aliyekwenda mara nyingi. Alisimama pale na kikombe muda mrefu kuliko kikombe chenyewe kilivyohitaji, akimsimulia mama mkwe wake viwanja alivyopima siku hiyo, vyenye urefu huu na upana huu, hekta kwa hekta, hadi alipogundua kwamba huenda si mazungumzo ya kumpa mtu aliye mahali pale. Bibi akamwambia aendelee. Alipenda kusikia.

Jumapili ya tatu mpokezi alivaa gauni la kijani. Tangu asubuhi alikuwa na sentensi moja kichwani, ameifupisha mpaka imebaki maneno machache: Mama yangu alikuwa dobi, na anaishi hapa. Aliijaribu jikoni. Aliijaribu mbele ya kioo. Haikuwa ngumu kuitamka.

Mwalimu Mkuu alikuja na mwanawe. Walikunywa chai, wakazungumza, na mambo yakaenda vizuri mno. Kisha kijana akataka kuona kile chombo cha kupimia chenye miguu mitatu, mume akampeleka nje kwenye ua wa mbele, Binti akawafuata. Wanawake wawili wakabaki ndani ya sebule ile kubwa, mmoja huku na mwingine kule.

Mwalimu Mkuu aliinuka. Alitembea taratibu mpaka kwenye ukuta wa rangi ya maziwa, akaweka kiganja chake juu yake, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mkono wa nani huo?" sauti iliuliza kutoka ndani. "Una joto."

"Ni mimi, Mama. Mzazi wa kijana. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa basi, usisimame. Kusimama kunachosha."

Mpokezi alijiambia sasa ameumbuka, akangoja aone kuumbuka kulivyo. Mwalimu Mkuu hakugeuka.

"Kwetu ni baba mkwe," alisema kwa sauti ya chini. "Nyuma ya kabati la vitabu. Alikuwa mfagiaji wa shule ileile ninayoiongoza. Wazazi wa wanafunzi wanaambiwa alikuwa mwanzilishi."

Mpokezi alisogea karibu.

"Mwaka wa ngapi?" aliuliza mpokezi.

"Wa nne."

"Upana?"

"Kiganja na nusu. Wako?"

"Viganja viwili. Tunamlisha kwa mrija."

"Mrija ni mzuri. Sisi tulianza na kijiko, tukaona kinamwagika." Akafikiri kidogo. "Ukimgeuza uso upande wa dirisha mapema, inamsaidia. Sisi tulichelewa. Wa kwetu anatazama kabati."

Ndipo ukuta ulipoanza kurudi. Ulirudi polepole, unene wa kidole, kisha wa vidole viwili, na vumbi la lipu likadondoka kwenye zulia. Wote wawili waliliona. Upande wa pili Bibi alivuta pumzi, pumzi nzima, ya kwanza kwa wiki tatu, ikasikika hadi kwenye vikombe. Ukuta ukasimama hapo, ukangoja. Kweli iliyosemwa na watu wawili faraghani ilikuwa imefika mwisho wake. Iliyobaki ilitaka kusemwa mbele ya wote.

Nyayo zilisikika barazani. Kijana alikuwa anacheka kitu alichoambiwa na mume. Mpokezi alimtazama Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu akamtazama yeye, na kila mmoja aliona kwa mwenzake kwamba sentensi iko pale pale, nyuma ya meno. Akisema wa kwake, nitasema wa kwangu, aliwaza mpokezi. Aliupiga moyo konde. Alifungua mdomo nusu, akasubiri. Mwalimu Mkuu naye alikuwa amefungua mdomo nusu, naye anasubiri.

"Mama, mnaongea nini peke yenu?" aliuliza kijana mlangoni.

Mwalimu Mkuu aliondoa mkono ukutani, akapangusa kiganja chake kwa leso.

"Tulikuwa tunaisifia rangi," alisema. "Nimeipenda mno. Inaitwaje?"

Wote walimgeukia mpokezi. Mume alikuwa amesimama nyuma ya wengine, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, inamsaidia maneno, Mama yangu, Mama yangu.

"Maziwa," alisema mpokezi. "Rangi ya maziwa."

Ukuta ulikwenda. Glasi zote za kabatini zililia kwa pamoja, kisha zikatulia. Kijana alitazama huku na huku, akasema kweli sebule hii ina hewa, na mama yake akasema ndiyo, hiyo ndiyo nyumba ya watu. Kisha akatoa neno lake, nalo lilikuwa neno zuri.

Jioni mume alipima kwa mara ya mwisho. Kilichobaki nyuma kilikuwa sentimita tisa. Aliandika namba, akaikunja futi kamba, akaitia kwenye mkoba wa kazi, na hakuitumia tena ndani ya nyumba ile. Alitoka na kikombe kwenda dirishani.

Harusi ilifana. Palisomwa salamu kutoka kwa bibi aliye ng'ambo, na watu kadhaa walitoa leso. Salamu hizo Bibi alizitunga mwenyewe siku mbili kabla, Binti akiwa uani na karatasi, ameegemeza sikio kwenye nondo za dirisha.

"Andika kwamba huku ni baridi."

"Hiyo tumeshawaambia, Bibi."

"Andika tena. Huu ukuta haupati jua. Andika kwamba nawaombea, na kwamba ningekuja ila safari ni ndefu."

Binti aliandika yote. Alipomaliza alibaki pale ameshika nondo, akisubiri labda ataambiwa neno lingine, lakini bibi yake alikuwa amesinzia wima. Baada ya harusi alihamia kwa mumewe, kwenye nyumba yenye sebule nzuri na chumba kimoja cha nyuma ambacho bado kilikuwa kitupu.

Wiki ya tatu ililetwa picha kubwa ya harusi, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu, upana wake mita moja na ushei. Wakwe walikuwa wanakuja saa tisa kuitazama. Hapakuwa na mahali pengine pa kuitundika ila ukuta wa rangi ya maziwa, maana ndio anaouona mgeni akiingia tu. Mpokezi alimwomba mumewe apigilie msumari. Mume alisema hana nyundo, ingawa alikuwa ameishika. Aliiweka juu ya meza, akatoka uani, akafunga mlango.

Basi akaichukua yeye. Alipanda juu ya kigoda, akachagua msumari wa inchi nne, akauweka ukutani, katikati kabisa, akarudisha mkono nyuma.

"Juu kidogo, mwanangu," alisema mama yake. "Hapo ni bega."

Mpokezi alishusha nyundo. Alikaa hivyo kwa muda, msumari katikati ya vidole, shavu lake karibu na lipu. Saa ya ukutani ilionyesha tisa kasoro dakika kumi. Akausogeza msumari juu, upana wa vidole vitatu.

"Na hapa?"

"Hapo ni nywele tu. Pigilia."

Alipigilia mara tano. Alitundika picha, akashuka, akarudi nyuma hatua tisa ili aione vizuri. Ilikuwa imekaa sawa.